Mtoto Ana A Lakini Jina Halimo Vipaji Maalumu: Barua Ipi Inasomwa na Ipi Inalala Masjala

Kila Desemba, OR-TAMISEMI, ofisi ya Rais inayosimamia mikoa na serikali za mitaa, ikishatoa orodha ya waliochaguliwa kidato cha kwanza, simu za Mwanza hazipoi. Kila mmoja anatafuta jina kwenye shule za vipaji maalumu, zile za bweni zinazochukua wenye alama za juu. Mzazi wa kijana anatafuta jina Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Tabora Wavulana. Mzazi wa binti anatafuta Kilakala, Msalato, Tabora Wasichana. Jina halionekani kote huko. Linaonekana sekondari ya kata, ya kutwa, wakati mtoto ana wastani wa A. Usiku huohuo barua inaandikwa kwa hasira, kesho yake inapelekwa ofisi isiyohusika, na baada ya hapo ni njoo Jumatatu, njoo Alhamisi, mpaka Januari imekwisha.

Yanayofuata hapa yametokana na kupanda na kushuka ngazi za ofisi hizo pamoja na wazazi wa Nyamagana, Ilemela, Magu na Ukerewe. Baadhi walisikilizwa, wengi hawakusikilizwa, na mara nyingi tofauti ilikuwa kwenye kile walichoandika.

Tuanze na hiyo A, maana ndiyo inayopoteza watu. Mtihani wa darasa la saba una masomo sita, kila somo alama 50, jumla 300. Wastani wa A ni kuanzia 241 hadi 300. Matokeo ya NECTA, baraza la mitihani, mtandaoni yanaonyesha herufi ya kila somo na herufi ya wastani, alama zenyewe hazionekani. Kwa hiyo mtoto wa 243 na mtoto wa 291 wote wanasomeka A, hata wakiwa wamekaa dawati moja. Anayepanga shule anaangalia alama. Mzazi anayepeleka karatasi yenye A sita akidhani amepeleka ushahidi, amepeleka kitu ambacho maelfu ya watoto wengine nao wanacho.

Jambo la pili ni kwamba nafasi za bweni hugawanywa kwa mikoa. Mtoto wa Mwanza anashindana kwanza na watoto wa Mwanza, na huku ziwani ushindani ni mkali kweli. Mwaka 2019, NECTA ilipokuwa bado inatangaza shule kumi bora za msingi, zote kumi zilitoka Kanda ya Ziwa, na kadhaa zilikuwa za mkoa huu. Ukilijua hilo hutashangaa sana mtoto wa A nzuri kubaki nje. Wala si lazima iwe imeliwa rushwa. Huenda nafasi zimejaa tu.

Sasa, barua inayosema "mwanangu ni hodari, amekuwa wa kwanza tangu darasa la kwanza, naomba afikiriwe" haina pa kushikwa. Ofisa anayeisoma hana mamlaka ya kuongeza alama wala ya kumtoa mtoto wa mwenzako. Matokeo ya moko, mtihani wa majaribio, wa wilaya au mkoa hayamsaidii, ya darasa la nne hayamsaidii, na vyeti vya mwanafunzi bora vya mahafali ndiyo kabisa. Huu ni ushauri mgumu kuumeza, lakini kama huna kosa la kumbukumbu la kuonyesha wala hali ya pekee ya mtoto, okoa nauli yako na usome kuanzia pale chini ninapozungumzia kidato cha tano.

Faili linafunguliwa tena pale karatasi mbili za serikali zinapogongana. Mfano ulio wazi kuliko yote ni jinsi. Mwanafunzi anasajiliwa kwenye PREM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi, taarifa zake zinaingia kwenye fomu ya TSM9, na mahali fulani katikati KE inageuka ME. Majina yetu yanachangia. Kuna majina ya Kisukuma na Kikerewe ambayo mtu wa kuchapa asiye mwenyeji hawezi kujua ni ya kike au ya kiume, na yapo majina ya Kikristo yanayotumika pande zote mbili. Binti mwenye alama za juu anashindanishwa kwenye foleni ya wavulana, au anapangiwa shule ya wavulana waziwazi. Kosa kama hilo halina ubishi: cheti cha kuzaliwa cha RITA upande mmoja, orodha upande mwingine.

Kosa jingine ni mtoto kuonekana hakufanya somo moja wakati alikuwa chumbani. Hapa ushahidi ni orodha ya mahudhurio ya chumba cha mtihani, ile CAL, na anayeweza kuizungumzia ni mwalimu mkuu pamoja na uongozi wa elimu, si mzazi. Mzazi kazi yake ni kulisema mapema, siku matokeo yanapotoka, asisubiri orodha ya shule. Mtoto asiye na alama za somo moja ameshapoteza hadi 50 kwenye jumla, na kwenye upangaji hakuna mtu atakayekaa kujiuliza kwa nini.

Lipo pia suala la majina kufanana. Wapo watoto wanaoshiriki majina yote matatu kwenye shule moja, na mzazi anasoma mstari usio wake. Shika namba ya mtahiniwa, ile inayoanza na PS13 kwa mkoa wa Mwanza, kisha namba ya shule, kisha namba ya mtoto. Jina ni la kuhakikishia tu.

Halafu kuna hali ya mtoto. Mwenye uoni hafifu, mwenye ualbino, mwenye ulemavu wa viungo, aliyepangiwa shule ya kutwa ya kutembea kilomita nyingi au kuvuka maji, ana hoja inayosikilizwa bila kugusa alama. Hapo inahitajika taarifa ya daktari wa hospitali inayotambulika, kwa mfano Sekou Toure au Bugando, iliyoandika hali ilivyo na anachohitaji: maandishi makubwa, kukaa mbele, bweni, kutokutembea umbali mrefu juani. Karatasi iliyoandikwa tu "mgonjwa" haitoshi. Na mtoto wa aina hii alipaswa kusajiliwa kwa mahitaji maalumu tangu kabla ya mtihani ili apewe karatasi za maandishi makubwa na muda wa ziada. Kama shule haikumsajili hivyo, mtihani umeshapita, lakini bweni bado linaweza kuombwa.

Lingine ambalo wazazi hulishuku ni usahihishaji. Sehemu kubwa ya mtihani huu ni maswali ya kuchagua, mtoto anasiliba kiduara kwa penseli ya HB kwenye fomu ya OMR na mashine ndiyo inayosoma. Yanayoharibika hapo yanajulikana: mtoto ameruka swali la 17 akaendelea kusiliba mstari wa 17 kwa jibu la 18, na kuanzia hapo kila kitu kimehama, au amefuta kwa ufutio mchafu, mashine ikaona viduara viwili vimesilibwa, au amesiliba kwa kugusagusa kama anayeogopa karatasi. Makosa haya ni ya mtoto, hayarekebishwi kwa barua. Yanarekebishwa kwa mazoezi ya fomu yenyewe kuanzia darasa la sita, kitu ambacho shule nyingi za serikali hazifanyi kwa sababu ya gharama ya kopi. Wazazi kumi wakichanga mia mbili mbili kwa ukurasa, darasa linapata.

Ukishajua una kosa la kuonyesha, adui anayefuata ni kalenda. Mtihani unafanyika Septemba. Shule za msingi zinafungwa kabla orodha haijatoka au inapokaribia kutoka, na orodha inatoka Desemba. Mwalimu mkuu ameshakwenda kwao Bunda au Bariadi, na muhuri umefungiwa kabatini. Ofisa uliyeelekezwa kwake yuko likizo. Ndiyo maana nyaraka zitafutwe kabla shule haijafungwa, hata kama bado hujui utazihitaji: namba ya PREM, namba ya mtahiniwa, nakala ya cheti cha kuzaliwa, picha za pasipoti, na namba ya simu ya mwalimu mkuu inayopatikana akiwa nje ya mji. Jina la kwenye cheti cha kuzaliwa likitofautiana na la shuleni hata herufi moja, Masanja na Massanja, lishughulikie sasa. Kiapo cha wakili kina bei tofauti kila ofisi, kwa hiyo uliza kabla hujakaa kwenye kiti.

Kisha kuna suala la mlango. NECTA inatunga, inasahihisha na kutoa matokeo. OR-TAMISEMI inapanga shule. Ukiwa na swali la alama ukaenda kulalamikia upangaji, au ukiwa na swali la upangaji ukawaandikia NECTA, barua yako itajibiwa kwa heshima kwamba suala hilo halituhusu. Yote mawili yanaanzia shuleni, yanapita kwa Afisa Elimu Kata, yanafika halmashauri. Kule halmashauri kuna upande wa elimu ya awali na msingi, wenye kumbukumbu za usajili na mtihani, na upande wa sekondari, wenye mambo ya kidato cha kwanza. Kosa la jinsi linagusa pande zote mbili, kwa hiyo peleka nakala kwa wote.

Na halmashauri ni ya shule aliyosoma mtoto, si ya unapolala. Hapa mjini hilo linasumbua kila mwaka. Unakaa Kiseke, ambayo ni Ilemela, lakini mtoto alisoma shule ya Nyamagana: faili lake liko Jiji, na ukienda Buswelu, zilipo ofisi za Ilemela, utapoteza asubuhi nzima. Wa Kisesa, hata kama kila siku mko mjini, nyie ni Magu. Wa Buchosa ni Nyehunge, msiende Sengerema kwa mazoea. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, wanaotoka ng'ambo hiyo angalau hawahesabu tena saa za foleni ya kivuko. Wa Ukerewe bado wanaitegemea meli wakihitajika kufika mkoani, na kwao nashauri wamalize kila kinachowezekana Nansio kwanza, maana kurudishwa kutoka Mwanza kwa sababu ya muhuri mmoja kunauma.

Barua yenyewe iwe ukurasa mmoja. Iandikwe kwa Mkurugenzi wa halmashauri, na chini yake K.K. Mwalimu Mkuu, maana yake ipite kwake, aweke maoni, sahihi na muhuri. Barua iliyoruka shule inarudishwa shule. Kichwa kibebe kila kitu: "YAH: OMBI LA KUREKEBISHIWA TAARIFA YA JINSI NA KUPANGIWA SHULE UPYA", kisha jina na namba ya mtahiniwa palepale kwenye kichwa. Ndani inatosha hivi:

"Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mzazi wa mwanafunzi tajwa, aliyehitimu darasa la saba mwaka huu. Katika orodha ya waliochaguliwa kidato cha kwanza ameandikwa jinsi ME badala ya KE na kupangiwa shule ya wavulana. Nimeambatisha nakala ya cheti chake cha kuzaliwa na uthibitisho wa mwalimu mkuu. Naomba taarifa hiyo irekebishwe na apangiwe shule upya kulingana na alama zake na jinsi yake. Napatikana kwa simu namba…"

Angalia kwamba hakuna shule iliyotajwa. Mzazi akiandika "naomba apelekwe Kilakala" amebadilisha marekebisho kuwa maombi, na maombi hukataliwa kwa neno moja. "Kulingana na alama zake" linamlazimu anayepanga arudi kwenye orodha ya alama, na kama alama zinafika Kilakala, zitafika zenyewe. Usiweke machozi, usitaje mheshimiwa unayemfahamu, usiandike kwamba mtoto hali chakula tangu orodha itoke hata kama ni kweli.

Toa kopi mbili steshenari kabla ya kwenda. Masjala, mpe karani barua, na kopi moja mwombe aigonge muhuri wa IMEPOKELEWA wenye tarehe. Wengine watakwambia acha tu, itaingia kwenye dispachi. Subiri kwa upole, umwambie: "Samahani mama, nitaulizwa nyumbani." Kopi hiyo yenye muhuri ndiyo utakayoingia nayo ofisi yoyote baadaye, bila hiyo kila ofisi utaanza upya kujieleza. Andika nyuma yake jina la uliyemkuta na alichosema. Baada ya wiki mbili bila simu, rudi na kopi, uliza barua imepelekwa kwa nani na kwa kumbukumbu namba gani. Jibu la mdomo kwamba "inashughulikiwa" si jibu, lakini kumbukumbu namba ni kitu cha kushika. Ikikwama hapo, ndipo unamwandikia Katibu Tawala wa Mkoa, ukiambatisha kopi hiyohiyo.

Wakati haya yanaendelea, Januari inafika na mtoto aende alikopangiwa. Hapa wazazi wengi wanafanya kosa la gharama kubwa: wanamweka nyumbani "mpaka kieleweke". Wiki za kwanza za kidato cha kwanza ndizo mtoto aliyesoma kwa Kiswahili anavushwa kwenda kusoma Biolojia na Hisabati kwa Kiingereza. Akiikosa Januari, Machi analikuta darasa limeshahama lugha. Isitoshe, asiyeripoti anahesabiwa hayupo, na ombi la mtoto asiye shuleni halina uzito. Ada ya sekondari ya serikali ilishafutwa tangu 2016, kwa hiyo kinachohitajika ni sare, madaftari na vifaa vilivyotajwa kwenye fomu ya kujiunga. Kama amepangiwa bweni na wewe unatarajia mabadiliko, nunua godoro na ndoo mwisho, lakini daftari nunua.

Na mlinde mtoto na maneno ya sebuleni. Mtoto wa miaka kumi na tatu akisikia shangazi, mjomba na jirani wakilaumu kwa wiki mbili kwamba "ameachwa", anachosikia ni kwamba amefeli. Hakufeli. Ana A. Mwambie hivyo mbele ya hao wanaolaumu, na mazungumzo ya barua yafanyike akiwa amelala.

Kipindi hiki ndicho cha matapeli. Ujumbe unaingia kwenye simu, au mtu anajitambulisha kwamba yuko "pale Dodoma", nafasi moja imebaki Mzumbe, tuma laki tatu kwenye namba hii kabla ya saa kumi. Wanaingia kirahisi kwa sababu ni kweli kwamba nafasi hubaki wazi, wapo watoto wanaopangiwa vipaji maalumu na wazazi wao wakawapeleka shule binafsi. Lakini mkuu wa shule hawezi kumpokea mtoto ambaye hakupangwa wala kuhamishwa kwa utaratibu, na malipo ya serikali yana namba ya malipo, hayaingii kwenye simu ya mtu. Akiwa ni mtumishi kweli anayeomba hela, piga TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, 113, ni bure.

Kwa shule binafsi mambo ni mepesi zaidi, nitayapitia haraka. Fomu ya usaili inalipiwa na hairudishwi. Mtoto akikataliwa, omba kuonyeshwa karatasi yake ya majibu ukiwa na mwalimu wa taaluma. Shule nyingine hukubali, nyingine hukataa, na kukataa kwenyewe ni taarifa. Uliza kama kuna usaili wa awamu ya pili, maana zipo shule zinazofanya hivyo mabweni yasipojaa. Ukihitaji punguzo la ada, lizungumzwe kabla mtoto hajaanza, kwa maandishi. Lipa benki kwenye akaunti ya shule, usimpe mtu mkononi.

Kwa asiye na kosa la kuonyesha, mlango unaofuata ni kidato cha tano, na ni mlango mpana kuliko watu wanavyodhani. Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Kilakala na zile za Tabora zina kidato cha tano na sita, na safari hii wanaangalia matokeo ya kidato cha nne, darasa la saba limeshasahaulika. Daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17, na kama kule kwenye A, ndani ya daraja hilo kuna umbali mkubwa kati ya mtoto wa 7 na wa 17. Mwanafunzi anajaza tahasusi, yaani mchepuo wa masomo, na shule anazozitaka kwenye Selform, fomu ya machaguo, akiwa bado shuleni, na matokeo yakishatoka mfumo hufunguliwa kwa muda ili aweze kubadilisha. Wengi hawaingii tena. Wanaacha machaguo ya mwaka jana yaliyojazwa kwa kufuata marafiki, kumbe mtoto amepata A ya Fizikia na Kemia na bado jina lake limekaa kwenye HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza. Ukiwa na mtoto sekondari ya kata Igoma au Nansio, nywila yake ya Selform ihifadhiwe nyumbani, si kichwani mwake tu.

Jambo la mwisho ni kwa wenye watoto walioanza darasa la tatu au la nne mwaka 2024. Kwa mtaala mpya elimu ya msingi ni miaka sita, kwa hiyo walioanza la tatu watamalizia la sita mwaka 2027, pamoja na walioko mbele yao watakaomalizia la saba mwaka huohuo. Makundi mawili yataingia kidato cha kwanza Januari 2028. Vitanda vya Ilboru havitaongezeka mara mbili kwa sababu hiyo. Nenda shuleni muhula huu, mwombe mwalimu mkuu akufungulie taarifa za mtoto kwenye PREM, na usome mwenyewe kwa macho yako: jina la kwanza, la kati, la ukoo, tarehe ya kuzaliwa, jinsi.